Jinsi ya Kuunda Ndege Gerejini na Kubaki na Ndoa, Vidole na Majirani

Ndege inaweza kuundwa nyumbani, na nchini Marekani zinaundwa kila mwaka. Walimu, mafundi umeme, madaktari wa meno na wastaafu huagiza ndege kwa vipande, huiunganisha gerejini pembeni ya mashine ya kufulia na baiskeli za watoto, kisha huiandika namba ya usajili, huketi ndani yake na kuruka. Kampuni ya Van's Aircraft ya Aurora, jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, imeuza vifurushi ambavyo peke yake vimekwisha kuzaa ndege zaidi ya 10,000 zilizoruka.

Mwongozo huu unafuata mojawapo ya ndege hizo, RV-7: viti viwili sambamba, mabawa ya mita 7.6 kutoka ncha hadi ncha, mwili wa alumini, na mwendo wa kilomita 300 kwa saa ikipewa injini ya kutosha. Tumeichagua kwa sababu haidai kipaji. Inadai mkono mtulivu, jicho kali na moyo unaokubali kusahihishwa. Mwenye vitatu hivyo ataweza. Aliyepungukiwa na cha tatu asianze.

Hatua ya 1: Pima mlango kabla ya kupima anga

Chukua futi uende gerejini. Kiwiliwili cha RV-7 kina urefu wa mita sita na ushei. Gereji ya magari mawili, ambayo ni ya kawaida katika vitongoji vya Marekani, inakitosha, ila haikitoshi pamoja na mabawa yake. Kwa hiyo mabawa huundwa pembeni juu ya vigingi vyake, huegeshwa ukutani yakisubiri, na hufungwa mwishoni kabisa, uwanjani. Swali la kujiuliza ni moja: kitu hiki kikikamilika kitatokea wapi? Wapo waliounda ndege kwenye chumba cha chini ya nyumba, wakalazimika kubomoa ukuta ili waitoe. Ukuta hujengeka tena, lakini ni gharama ambayo futi ingekuepushia.

Ongeza taa mara mbili ya unavyodhani zinatosha, kwa sababu ufa katika alumini huonekana kwa mwanga mkali tu. Tandika mpira sakafuni, maana miguu itasimama juu ya saruji miaka kadhaa. Kisha waite majirani waje waone maboksi siku yanapofika. Waeleze kwamba nyundo ya hewa ina kelele, waambie itanyamaza saa mbili usiku, na ikifika saa mbili usiku inyamaze. Jirani aliyealikwa siku ya kwanza ndiye atakayekuja kusukuma kiwiliwili siku ya mwisho.

Hatua ya 2: Kikao cha nyumbani

Kabla ya kulipa chochote, kaa mezani na mwenza wako na uziseme hesabu zote kwa sauti. RV-7 ya vifurushi vya kawaida huchukua kama saa 1,500 hadi 2,000 za kazi. Ukipata saa kumi kwa wiki, hiyo ni miaka mitatu hadi minne, bila kuhesabu misiba, harusi na homa za watoto. Fedha zina unafuu wake: kampuni huuza mkia, mabawa, kiwiliwili na vifaa vya kumalizia kwa awamu, nawe unalipa kadiri unavyosonga. Lakini injini, propela, redio na vyombo vya rubani hununuliwa kando, na vikijumlishwa vinaweza kuzidi bei ya bodi nzima. Anayepanga bajeti aanze na injini, kisha arudi kwenye mkia.

Mwambie mwenza wako ukweli wa pili: hii ni kazi ya mikono minne. Sehemu kubwa ya bawa haiwezi kugongwa riveti na mtu mmoja. Anayeshika chuma upande wa pili wa bati ni muundaji kamili, na jina lake liandikwe kwenye daftari la kazi. Mtoto mwenye umbo dogo atakuwa na thamani kubwa kuliko zana yoyote siku ya kuingia ndani ya mkia kushika chuma mahali ambapo mabega ya mtu mzima hayapiti. Mvalishe kinga ya macho na ya masikio, nawe uvae zako.

Pangeni pia siku ambazo gereji hufungwa. Ndoa nyingi huvumilia ndege inayochukua nafasi ya gari. Zinazoshindwa ni zile ambazo ndege ilichukua nafasi ya mlo wa jioni.

Hatua ya 3: Anza na kisanduku, kisha mkia

Usianze na bawa. Nunua kifurushi cha mazoezi, ambacho mara nyingi ni kisanduku cha zana au kipande kifupi chenye umbo la bawa, uharibu humo kwanza. Alumini ya kisanduku haitakubeba angani, kwa hiyo makosa yake ni bei nafuu ya shule.

Baada ya kisanduku agiza mkia. Waundaji wengi huanzia hapo, na sababu ni ya busara: mkia una kila kazi utakayoikuta kwenye ndege nzima, yaani mbavu, mihimili, ngozi ya bati, bawaba na bolti, lakini kwa ukubwa unaoenea juu ya meza. Ukiumaliza mkia na bado unaamka Jumamosi ukitamani kwenda gerejini, agiza mabawa. Ukiumaliza na huna hamu, uza mkia. Umejifunza kwa gharama ndogo, na hakuna aibu yoyote hapo.

Hatua ya 4: Jua riveti moja vizuri

RV-7 ina riveti zaidi ya 10,000. Hakuna anayegonga riveti elfu kumi. Mtu hugonga riveti moja, akaikagua, akaenda kwenye nyingine. Kwa hiyo jua hiyo moja.

Mabati ya vifurushi vya siku hizi huja yametobolewa kiwandani, na matundu ya bati moja hukutana na ya jingine kwa usahihi unaoinyoosha ndege yenyewe. Unayakutanisha, unayashikiza kwa kleko, vile vibanio vya springi vinavyoingia tunduni na kukaza, unapitisha drili kupata kipimo kamili, kisha unayatenganisha tena. Hapo ndipo wasio na subira huanza kunung'unika, kwa kuwa kazi ya maana inakuja: kusafisha kingo za kila tundu. Drili huacha vinyuzi vya chuma kwenye ukingo. Bawa hupinda kidogo kila safari, na chuma kinachopindwa mara nyingi huanza kupasuka mahali penye mkwaruzo au ukingo mkali. Tundu lililosafishwa ni ufa uliozuiwa miaka ishirini kabla ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo weka penseli mbali na bati, maana risasi yake huacha kaboni inayochochea kutu kwenye alumini. Andika kwa kalamu ya wino.

Sasa riveti. Mmoja huweka nyundo ya hewa juu ya kichwa, mwingine hubana kipande cha chuma kizito kwenye mkia wake upande wa pili. Nyundo ikigonga, mkia hupondeka na kuwa kisahani. Kipimo hakibahatishwi: kisahani kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha riveti, na unene wa nusu ya kipenyo hicho. Kwa riveti ya milimita 2.4 hiyo ni upana wa milimita 3.6 na unene wa milimita 1.2. Kipo kigeji kidogo cha kupimia, kiishi mfukoni mwako.

Wekeni maneno ya kazi. "Tayari?" "Tayari." "Gonga." Asigonge mtu kabla ya jibu. Nyundo ikigonga chuma kikiwa hakijakaa, bati hupata bonyeo ambalo rangi haifichi, na anayelitazama kila asubuhi kwa miaka thelathini ni wewe.

Hatua ya 5: Jifunze kukataa kazi yako mwenyewe

Hapa ndipo ndege huundwa hasa. Riveti imelala upande. Kisahani ni chembamba mno. Saa nne na nusu usiku, mgongo unauma, na bati la kufunika litawekwa kesho. Hakuna mtu atakayeiona riveti hiyo tena.

Kanuni ya kwanza: usiamue usiku. Weka kipande cha utepe wa rangi mahali hapo, zima taa, ukalale. Kanuni ya pili: pima, usikisie. Mwongozo wa mtengenezaji unaeleza kipi kinakubalika na kipi hakikubaliki. Kanuni ya tatu huwashangaza wanafunzi: riveti yenye kasoro ndogo iliyo ndani ya kipimo mara nyingine ni bora kuliko kuitoa. Kuitoa maana yake ni kutoboa kichwa katikati, kukivunja, na kuusukuma mkia nje. Mkono ukiteleza, tundu linapanuka, na jaribio la tatu huleta tatizo kubwa kuliko riveti yenyewe. Uhodari ni kujua tofauti ya kasoro na hatari, na hujulikana kwa kuuliza.

Wa kuuliza wapo. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Wisconsin chama cha waundaji na warushaji kiitwacho Experimental Aircraft Association, ambacho kila Julai hukusanya maelfu ya ndege katika mji wa Oshkosh. Matawi yake yana washauri wa kiufundi wanaojitolea kuja gerejini kwako, kulala chali chini ya bawa lako na kukuambia wasichokipenda. Mwite mshauri kabla hujafunga bati. Akikuonyesha kosa, mshukuru na umwandalie chai, maana amekupa kitu ambacho pesa hainunui.

Na tundu likikaa karibu mno na ukingo wa mhimili, tupa kipande. Kanuni ni kwamba katikati ya tundu iwe mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti. Chini ya hapo usibembeleze, agiza kingine. Weka boksi kubwa la vipande vilivyokataliwa mahali ambapo wageni wataliona. Muundaji mwenye boksi lililojaa ndiye wa kupanda naye.

Vipande vipya navyo vikaguliwe. Mwaka 2023 ilibainika kwamba baadhi ya vipande vya Van's vyenye matundu yaliyokatwa kwa leza vilikuwa vikionyesha nyufa. Kampuni ilielemewa na gharama, ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Desemba mwaka huo, kisha ikajipanga upya na kuendelea. Waliokuwa na desturi ya kuangalia kila tundu kwa kioo cha kukuza hawakusubiri tangazo ili waanze kuangalia.

Hatua ya 6: Tangi na puto

Matangi ya mafuta ya RV-7 yamo ndani ya mabawa, na kila mshono wake hupakwa gundi nzito ya kuzibia inayonuka, inayonata na isiyotoka kwenye nguo. Vaa usichokipenda. Badilisha glavu kila mara, na usiguse kitasa cha mlango wa nyumba.

Tangi likikauka, lijaribu kwa hewa kidogo sana. Njia ya waundaji ni kufunga puto la watoto kwenye tundu moja, kuliziba jingine, na kujaza hewa taratibu hadi puto lisimame. Puto hulinda tangi lisipasuke kwa shinikizo, na pia hutoa ripoti: likiwa limenywea asubuhi, kuna uvujaji. Paka maji ya sabuni kwenye mishono utafute mapovu. Ila usilaumu tangi haraka, maana joto la chumba likishuka usiku puto hunywea lenyewe. Angalia kipimajoto kwanza.

Hatua ya 7: Kata kioo siku ya joto

Kifuniko cha rubani ni kuba moja kubwa la akriliki, na ndicho kipande kinachowanyima waundaji usingizi. Akriliki ikiwa baridi hupasuka, na ufa wake hukimbia. Basi pasha gereji joto hadi utoe jasho, kata kwa kisahani cha kusaga badala ya msumeno wa meno, lainisha ukingo wote kabla ya kulegeza hata kibanio kimoja, na simu izimwe. Mpe msaidizi kazi moja tu: kushika kipande kinachodondoka ili uzito wake usivute ufa.

Siku kifuniko kitakapokaa mahali pake, ingia ndani. Kaa kitini, shika usukani, weka miguu kwenye pedali, na uige mlio wa injini kwa mdomo. Waundaji wote hufanya hivyo, na wafanye. Bado miezi mingi imebaki, na mtu anastahili kujua anakwenda wapi. Waite watoto nao wakae zamu kwa zamu.

Hatua ya 8: Fuata mchoro, usibishane nao

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa ndege yake ndogo ilipoanguka katika ghuba ya Monterey, California. Ilikuwa Long-EZ, ndege ya kuunda nyumbani iliyobuniwa na Burt Rutan. Denver hakuiunda mwenyewe, alikuwa ameinunua muda mfupi kabla. Mchoro wa Rutan uliweka vali ya kubadilishia tangi la mafuta katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, walieleza kwamba rubani alipojigeuza kuifikia vali alikengeuka na kukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamponyoka. Walitaja pia kwamba vali haikuwa na alama, na kwamba hakuwa amepata mafunzo ya kutosha juu ya aina hiyo ya ndege.

Aliyeihamisha vali hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuondoa mabomba ya mafuta ndani ya chumba cha rubani, na wazo hilo linaonekana zuri mpaka umfikirie mtu mwingine, mwaka mwingine, injini ikiwa imezimika karibu na ardhi. Kila badiliko unalolifanya hurithiwa na mtu ambaye hutakuwepo kumweleza. Ukiona una wazo bora kuliko mbunifu, mwandikie mbunifu. Akikataa, wazo hilo libaki kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Karatasi

Sheria ya Marekani inaruhusu ndege ya aina hii kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu walioiunda kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Kwa hiyo piga picha kila siku ya kazi, na wewe uonekane humo ukiwa umeshika zana. Mkaguzi akiridhika, ndege hupata cheti chake na neno EXPERIMENTAL huandikwa karibu na mlango, ili kila abiria ajue anapanda nini. Muundaji mkuu anaweza kuomba cheti cha kuikagua ndege hiyo mwenyewe kila mwaka, heshima ambayo mnunuzi hawezi kuirithi.

Msomaji wa Kenya au Tanzania, hatua hii kwako ni ya kwanza. Nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA au TCAA, kabla ya kuagiza hata riveti, upate masharti yao kwa maandishi.

Hatua ya 10: Kuruka

Pima ndege kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ukokotoe mahali uzito ulipoegemea. Inua pua yake na upime mafuta yanayofika kwenye injini: kwa mfumo wa pampu yafike asilimia 125 ya mahitaji ya injini wakati wa kuruka, na kwa mfumo wa mteremko asilimia 150. Kisha msimamishe mtu nje. Sukuma usukani kushoto. Ubao wa nyuma ya bawa la kushoto unapaswa kupanda na wa kulia kushuka. Mtu wa nje aseme anachokiona bila kuulizwa ndiyo au hapana. Nyaya zilizofungwa kinyume zimeua marubani stadi.

Ripoti ya NTSB ya mwaka 2012 kuhusu ndege hizi ilionyesha kwamba rubani kupoteza udhibiti na injini kushindwa ndivyo vyanzo vikuu vya ajali, na kwamba safari za mwanzo ni za hatari, iwe ndege ni mpya au imebadilisha mmiliki. Miaka minne ya kugonga riveti haikufanyi rubani. Mara nyingi imekupunguzia saa za kuruka. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, ruka na mwalimu kwenye RV nyingine hadi mikono ikumbuke. Ikiwa mwenzako ana uzoefu kukuzidi, mkabidhi safari ya kwanza, nawe usimame pembeni ya uwanja ukiwa na redio na kizimamoto.

Usialike ukoo. Umati humfanya mtu aruke siku ambayo upepo ulimwambia asubiri. Baada ya hapo kuna muda wa majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40 kulingana na injini na propela, ndani ya eneo uliloainishiwa na bila abiria wa kutembea. Zitumie zote kwa kupima kweli: mwendo ambao bawa huacha kubeba, joto la injini, unywaji wa mafuta. Anayezunguka angani tu ili saa ziishe anajinyima kuijua ndege ambayo kesho atampakia mwanawe.

Sheria imemruhusu muundaji wa nyumbani kwa sababu anajifunza, na hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya kazi hii nzima: ndege salama ya gerejini ni ile ambayo aliyeiunda alibaki mwanafunzi mpaka mwisho. Kama uko tayari kuwa huyo, agiza kifurushi cha mazoezi wiki hii, mtafute mtu aliyekwisha kuunda ndege yake, na umwombe akague riveti zako ishirini za kwanza. Akikuambia kumi na tano hazifai, toboa kumi na tano.